Usiku wa Mgonjwa wa Parkinson

Tukimwona mzee ambaye mkono wake unatetemeka hali amekaa ametulia, hatua zake zimekuwa fupi fupi na uso wake umekosa tabasamu, wengi wetu siku hizi tunaweza kuutaja ugonjwa wake: ni Parkinson. Wakatoliki wengi waliufahamu kwa kumtazama Papa Yohane Paulo II, ambaye mkono wake ulitetemeka mbele ya macho ya ulimwengu kwa miaka mingi hadi alipofariki tarehe 2 Aprili 2005. Lakini hayo ni mambo ya mchana. Yanayompata mgonjwa usiku huyajua yeye mwenyewe na yule anayelala naye chumba kimoja, na mara nyingi hata daktari haelezwi. Mwezi huu tumeona tuyazungumze hayo ya usiku.

Habari yenyewe si mpya. Daktari James Parkinson wa London, aliyeandika kitabu kidogo juu ya ugonjwa huu mwaka 1817, alieleza tangu wakati ule kwamba ugonjwa unapozidi, usingizi wa mgonjwa huvurugika sana. Sababu yake imo ndani ya ubongo. Kuna chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo bila hiyo mwili hauwezi kwenda kwa ulaini. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole. Tena ugonjwa haukomei hapo, bali hugusa pia sehemu za shina la ubongo zinazoongoza kulala na kuamka. Kwa hiyo mzee anayekesha usiku na kusinzia mchana si mvivu, wala tusiseme tu kwamba ni uzee.

Anayepigana usingizini

Tuanze na jambo linaloleta fadhaa kubwa zaidi nyumbani. Mtu mzima mwenye afya anapoota, ubongo huifunga misuli yake isitende, isipokuwa ile ya macho na ya kupumua. Ndiyo maana tunaweza kuota tunakimbizwa na fisi na huku tumelala kimya. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kufuli hilo hulegea. Mgonjwa akiota anavamiwa na wezi, au anapambana na mnyama, hupiga ngumi kweli, hurusha mateke, hupiga kelele, na pengine hujitupa chini ya kitanda. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota, Marekani, waliieleza hali hii kwa binadamu mwaka 1986, na baadaye ikajulikana kuwa inaweza kuanza miaka mingi kabla mkono haujatetemeka. Hatusemi kwamba kila anayeropoka usingizini ana Parkinson, la hasha. Lakini mtu aliyevuka miaka 50 ambaye ameanza kupigana katika ndoto anastahili kuonwa na daktari.

Fikiria sasa nyumba ambamo jambo hili halijulikani. Mama anaamka usiku wa manane amepigwa kofi la uso na mume aliyeishi naye kwa amani miaka 40. Asubuhi mume hakumbuki lolote, au anakumbuka tu kwamba alikuwa akipigana na jambazi. Mama anaona kuna kinyongo kilichofichwa. Watoto wanaitwa, kikao cha ukoo kinakaa, na jirani mmoja hakosi kutaja majini au mkono wa mtu. Fedha ambazo zingenunua dawa zinakwenda kwa waganga wa kupiga ramli. Na wagonjwa wasiojulikana ni wengi. Wilayani Hai, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilionyesha wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huo.

Basi la kufanya ni nini? Kwanza ondoeni chumbani panga, chupa, na kila chenye ncha. Kibatari au mshumaa usiwekwe karibu na kitanda, maana teke moja linatosha kuwasha chandarua. Kitanda kiwe cha chini, na godoro la ziada au mkeka mnene utandikwe pembeni. Mwenzi wake anaweza kulala kitanda kingine kwa muda hadi tiba ipatikane. Wala huko si kutengana, na tunaomba wazee wa ukoo wasilifanye kuwa kesi. Anapopambana msimkamate kwa nguvu, maana atadhani ninyi ndio wale wezi. Muiteni jina lake kwa sauti ya upole, mkiwa mmekaa mbali kidogo. Daktari anaweza kumpa melatonini au klonazepamu. Hii ya pili huweza kumfanya mzee apepesuke na kuanguka, kwa hiyo haifai kuazimwa kwa jirani.

Kuganda, kukojoa na miguu isiyotulia

Shida nyingine haina kelele. Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, ambayo hutolewa pamoja na kabidopa, na nguvu yake hudumu saa chache tu. Aliyemeza saa moja jioni, kufika saa saba usiku mwili umekauka kama ubao. Hawezi kugeuka. Upande mmoja unauma, mguu unakaza, naye analala anahesabu majogoo. Wengine huona haya kuamsha watu. Hapa kitambaa cha kuteleza kilichotandikwa katikati ya kitanda, usawa wa kiuno, husaidia sana kugeuka, na kamba imara iliyofungwa miguuni pa kitanda humsaidia kujivuta aketi. Blanketi liwe jepesi. Daktari aulizwe kama inafaa kumpa wakati wa kulala ile aina ya dawa inayoyeyuka polepole. Tena levodopa imezwe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, samaki na maharage huweza kuizuia isifyonzwe vizuri.

Kuamka kukojoa mara tatu au nne ni kawaida kwa wagonjwa hawa, na ndiko wengi wanakoanguka na kuvunja nyonga. Kopo la mkojo liwe karibu, na tochi iwe mahali inapofikiwa kwa mkono. Wapunguziwe vinywaji kuanzia jioni, hasa chai na kahawa, lakini mchana wanywe maji ya kutosha, kwani kufunga choo ni adha yao nyingine. Miguu ikivimba, mgonjwa aiinue juu ya kiti kwa muda alasiri.

Wako pia wanaosema miguu inawatambaa kama ina sisimizi ndani, na haipati nafuu hadi wasimame na kutembea. Hao wapimwe wingi wa madini ya chuma, kwa maana upungufu wake huchochea hali hiyo nao hutibika. Na anayekoroma kwa nguvu kisha pumzi ikakatika kwa muda na kurudi kwa kishindo, naye asinyamaziwe. Hilo ni tatizo la njia ya hewa na lina tiba yake.

Dawa za kuogopa

Hapa tunawasihi sana. Mzee halali, mtoto anakwenda duka la dawa kuomba "kitu cha kumlaza". Baadhi ya dawa anazoweza kupewa huzuia dopamini ile ile iliyopungua, na mgonjwa huzidi kukakamaa. Miongoni mwake ni promethazini, klopromazini na haloperidoli, na vilevile metoklopramidi ya kuzuia kutapika. Kila mnaponunua dawa yoyote, mtajieni muuzaji kwamba mgonjwa ana Parkinson. Dawa ya selejilini nayo, kama ameandikiwa, imezwe asubuhi, maana ikimezwa jioni huondoa usingizi. Mbegu za upupu kweli zina levodopa, lakini kiasi chake hutofautiana, na kuzitwanga na kumnywesha mtu bila kipimo ni kumweka hatarini.

Zipo dawa nyingine za Parkinson, kama pramipeksoli na ropiniroli, zinazoweza kumtia mtu usingizi wa ghafula mchana. Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 8 waliosinzia wakiendesha gari na kupata ajali. Anayetumia dawa hizo na kusinzia asishike usukani wala pikipiki hadi amwone daktari. Lakini asiziache mwenyewe. Kuacha dawa za Parkinson kwa ghafula kunaweza kuleta homa kali na kukakamaa kwa mwili kunakotishia uhai.

Mchana mgonjwa atolewe nje kwenye mwanga wa jua, atembee kadiri awezavyo, na akisinzia asipitishe saa moja wala asilale baada ya saa tisa alasiri. Anayemwuguza naye ni binadamu. Binti au mkwe anayeamka mara tano kila usiku ataugua, kwa hiyo ndugu wagawane zamu, hata za usiku mbili mbili kwa juma, na wale walio mjini wasidhani kutuma fedha kunatosha.

Kabla ya kwenda kliniki, andikeni katika daftari kwa majuma mawili: saa ya kulala, saa za kuamka na sababu yake, saa ya kila dawa, na yale aliyoyafanya usingizini. Kama anaona watu au wanyama ambao hawapo, liandikwe nalo, kwani huenda dawa zikahitaji kubadilishwa. Na yule anayelala naye chumba kimoja aingie naye kwa daktari, kwa sababu mwenye kuota hajui alichokifanya usiku.