Hesabu za Majeraha: Nani Hayumo Katika Daftari?

Leo twahitaji kalamu na karatasi, na kama mwasikiliza katika kikundi, mmoja wenu akae karibu na ubao, maana kuna hesabu kidogo. Si hesabu ngumu. Aliyezoea kugawana magunia ya mpunga ataziweza.

Tuanze kwetu. Mgodi mkubwa wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uchimbaji wake ukakoma mwaka 2021. Wachimbaji wadogo lakini hawakukoma. Tangu Kahama mpaka Geita maduara yangali yanachimbwa, makarasha yangali yanasaga mawe, na watu wangali wanaumia. Miongoni mwao wamo watoto. Wako wanaoumia kwa ajali ya kazi, nao wako wanaoumizwa kwa mkono wa mtu mzima: nyumbani, shuleni, au huko huko kwenye machimbo. Basi, daktari akitaka kujua ni watoto wangapi wanaoumizwa, na wangapi hupona, afanye nini? Wengi watasema afungue daftari la hospitali ahesabu majina. Leo tutaona kwa nini kuhesabu majina hakutoshi.

Sisemi kwamba daftari halina faida. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Marekani, John Caffey, alieleza habari za watoto wachanga 6 waliokuwa na damu iliyovuja ndani ya fuvu la kichwa, na picha za eksirei zikaonyesha kwamba mifupa yao pia imevunjika. Wazazi hawakueleza ajali yo yote iliyoweza kuvunja mifupa hiyo. Watoto 6 ni wachache. Mtu aweza kusema ni bahati mbaya tu. Lakini mwaka 1962 daktari mwingine wa huko, Henry Kempe, pamoja na wenzake, walitoa hesabu waliyoikusanya katika hospitali 71. Walipata watoto 302 waliopigwa vibaya na watu waliowalea. Kati yao 33 walikufa, na 85 waliharibika ubongo kwa maisha yao yote. Tangu hapo haikuwezekana tena kwa waganga kusema kwamba jambo hilo halipo. Hiyo ndiyo kazi ya takwimu, yaani elimu ya kukusanya hesabu na kuzipima: jambo ambalo kila mtu aliliona mara moja moja, akalifumbia macho, laonekana kwa ukubwa wake.

Sasa tazameni upungufu wake. Hesabu ya 302 ni ya watoto waliofika hospitali. Je, wale ambao hawakufika?

Fikirini safari ya mtoto mpaka jina lake liandikwe. Kwanza lazima aseme, au mtu amwone. Kisha apatikane mtu wa kumpeleka, na mara nyingine mtu huyo ndiye aliyempiga. Ipo nauli. Ipo fomu ya polisi, ile PF3, ambayo aliyejeruhiwa hudaiwa, na mchimbaji asiye na leseni haipendi safari ya kituoni. Hata akifika, sababu iandikwayo yaweza kuwa "ameanguka". Kila hatua ni chekeche, na kinachobaki chini ya chekeche la mwisho ndicho kiitwacho hesabu ya hospitali.

Kwa bahati njema, katika Tanzania chekeche hilo limepimwa. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto, ukafanywa na UNICEF, Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, pamoja na idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Hawakungoja watu waje hospitali. Waliwafuata vijana majumbani, wenye umri wa miaka 13 mpaka 24, wanawake 1,968 na wanaume 1,771, wakawauliza faraghani.

Huenda mtu akauliza: watu 3,739 wawezaje kusema kwa niaba ya nchi yenye mamilioni? Mfanya biashara wa mpunga pale Kahama hamwagi gunia zima. Huchukua bambo, akachoma juu, akachoma katikati, akachoma chini, kwa maana ajua kwamba mwenye gunia aweza kuweka punje nzuri juu na chuya chini. Punje chache za bambo zatosha, mradi kila pembe ya gunia ilikuwa na nafasi ya kuchomwa. Ndivyo wachunguzi walivyofanya: nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, si kwa kupendelea. Daftari la hospitali, kwa upande wake, ni punje zilizojimwaga zenyewe kutoka tundu moja la gunia. Ziwe nyingi namna gani, zatueleza habari za tundu.

Wakaona nini? Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni kama 1 katika kila 7. Kupigwa na kuumizwa mwili kulikuwa zaidi: karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume.

Sasa andikeni ubaoni. Chukueni wasichana 100 waliotendewa ukatili wa kingono. Uchunguzi ulionyesha kwamba kama nusu yao walimwambia mtu ye yote, basi andikeni 50. Mmoja katika kila 5 alikwenda kutafuta msaada: andikeni 20. Mmoja katika kila 8 alipata msaada wenyewe: andikeni 12 au 13. Kwa wavulana ni mbaya zaidi. Waliosema ni theluthi moja, waliotafuta msaada ni 10 katika 100, waliopata ni 4.

Yatazameni hayo vizuri. Daftari likiwa na majina 4 ya wavulana, nyuma yake wako 100. Mganga akisema, "Hapa kwetu wavulana hawapatwi na jambo hili," anasoma kwa uaminifu kabisa daftari lake, na bado amekosa.

Tena kuna hatari nyingine, nayo yawagusa maofisa. Tuseme kituo kimeandika wasichana 12 mwaka huu, na mwakani kikaandika 24. Ukatili umezidi maradufu? Huenda. Lakini huenda pia ameletwa muuguzi mwenye huruma, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi limefunguliwa jirani, au watoto wameijua simu namba 116, ambayo haina malipo. Wasichana ni wale wale 100. Waliothubutu kusema ndio walioongezeka. Mkubwa akimkemea muuguzi yule kwa kuwa "idadi imepanda", basi mwaka wa tatu idadi itashuka, na watoto wataendelea kuumia kimya kimya. Kwa maoni yangu kosa hili la kusoma hesabu limewadhuru watoto kuliko makosa ya kujumlisha.

Je, visa vya mtu mmoja mmoja havina maana? Vina maana yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, Geita, Shinyanga na Mbeya. Walitembelea machimbo 11, wakazungumza na watoto 61 waliofanya kazi hiyo. Watoto wale walieleza mashimo yanayoporomoka, mizigo mizito, zebaki wanayoichanganya kwa mikono. Taarifa hiyo yatuambia kwa uhakika ni namna gani watoto huumia. Haituambii ni wangapi katika kila 100, kwa maana hao 61 hawakuchaguliwa kwa bambo. Kadhalika mwezi wa Novemba 2015 kila mtu alisikia habari za wachimbaji 5 waliotolewa hai huko Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Habari kubwa kama hiyo yakaa kichwani miaka mingi; lakini haiwezi kutuambia ni wangapi hutoka salama duara likiporomoka.

Sasa tugeukie kupona. Tuseme hospitali imewatibu watoto 40 waliovunjika miguu. Baada ya miezi 6 wamerudi 22, na kati yao 20 wanatembea vizuri. Taarifa itasema 20 katika 22 wamepona, yaani 91 kwa mia. Inapendeza. Lakini wale 18? Rashi mpya imesikika, wazazi wamehama na mahema yao. Kama wote 18 wamepona, waliopona ni 38 katika 40, yaani 95 kwa mia. Kama hakuna hata mmoja aliyepona, ni 20 katika 40, nusu tu. Basi neno la kweli ni hili: kati ya 50 na 95. Mtafiti mwema hutaja hao 18 waziwazi, tena hutuma mtu kuwatafuta japo wachache.

Na akisema dawa au mafundisho fulani yamesaidia, mwulizeni: yamesaidia kuliko nini? Jeraha jingi hupona lenyewe. Huko Uganda, wilaya ya Luwero, walitaka kujua kama mpango wa kuwafundisha walimu na wanafunzi kuishi bila viboko wafaa. Walichukua shule za msingi 42, wakazigawa kwa kura: 21 zikapata mpango, 21 zikangoja. Wangeziacha zijitolee zenyewe, zingetangulia zile zenye walimu wapole tangu zamani, na mpango ungepewa sifa isiyo yake. Mwaka 2014 watoto wenyewe wakaulizwa kama walipigwa na walimu juma lililopita. Katika shule zilizongoja walisema ndiyo karibu 49 katika kila 100. Katika zile zenye mpango, 31. Tofauti hiyo yaaminika. Lakini 31 si kidogo. Katika kuuliza huko watoto 434 walionekana kuhitaji msaada, wakapelekwa kwa wahusika; maana si haki kumwuliza mtoto jambo kama hilo, ukaandika jibu, ukaondoka.

Kazi ya kikundi ni hii. Kanuni za shule zetu zataka kila adhabu ya kiboko iandikwe katika daftari. Tuseme mwalimu mkuu awaonyesha daftari lake, na muhula mzima mna adhabu 3 tu katika shule ya watoto 600. Zungumzeni: mngechoma bambo wapi, mngewauliza watoto wangapi na mngewachaguaje, na wakati wa kuuliza, nani asiwe karibu?