Gari Lililofika Mbele Likaambiwa Limeshindwa

Wengi wetu tukisikia habari za mashindano ya magari tunadhani jambo ni moja tu: kanyaga mafuta mpaka mwisho, na atakayefika mbele ndiye bingwa. Kumbe yapo mashindano ambayo mtu hufika wa kwanza na bado akaambiwa, "Bwana, umeshindwa." Mashindano hayo yamezoeleka sana Marekani. Huitwa mbio za braketi. Leo tunataka kuyaeleza, maana ushindi wake hautokani na nguvu ya injini peke yake. Unatokana na hesabu, macho na kujizuia.

Yanavyokwenda

Magari mawili husimama sambamba kwenye barabara maalumu iliyonyooka. Urefu wake ni robo maili, yaani mita 402. Viwanja vingine hutumia nusu yake, mita 201. Hakuna kona. Anayeshindwa hutoka, anayeshinda hukutana na mwingine, mpaka abaki mmoja.

Sasa tujiulize: pikapu kuukuu itashindanaje na gari jepesi lililotengenezwa kwa ajili ya mbio? Dawa yake ni hii. Kabla ya kuondoka, kila dereva hutaja muda ambao gari lake litatumia kufika mwisho. Wengi huuandika kwenye kioo kwa dawa nyeupe ya viatu, watu wote wauone. Sisi tutauita muda wa ahadi.

Tuseme pikapu imeahidi sekunde 15, na gari jepesi limeahidi sekunde 11. Tofauti ni sekunde 4. Basi pikapu huruhusiwa kuondoka sekunde 4 kabla ya mwenzake. Wote wakiondoka vizuri na kutimiza ahadi, watafika pamoja. Hivyo mwenye gari la bei ndogo na mwenye gari la bei kubwa wanalingana.

Pengine mjanja mmoja atasema, "Basi mimi nitataja muda mrefu, nipewe nafasi kubwa ya kutangulia." Huyo amekwisha fikiriwa. Ahadi ni deni. Akifika kwa muda mfupi kuliko alioahidi, amevunja ahadi na ameshindwa. Wote wawili wakivunja, anashinda yule aliyevunja kwa kiasi kidogo zaidi.

Taa za kuondokea

Mbele ya magari kuna mlingoti wa taa. Taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine, kila nusu sekunde, halafu huwaka ya kijani. Dereva hodari hangoji kuiona ya kijani. Huanza kuondoka anapoiona njano ya mwisho, kwa sababu mguu na gari vyote huchelewa kidogo kuitika. Akiwahi mno, taa nyekundu huwaka, naye hupoteza.

Hapa tuangalie sana. Kuchelewa kwenye taa hupimwa peke yake. Muda wa safari huanza kuhesabiwa gari linapoondoka, siyo taa inapowaka. Kwa hiyo anayezubaa kwenye taa bado anaweza kutimiza ahadi yake, lakini amempa mwenzake nafasi ya kufika mbele.

Kazi iko kwenye mstari wa mwisho

Tuchukue mfano wetu. Dereva wa pikapu amechelewa kwenye taa kwa sekunde 0.030, na safari imemchukua sekunde 15.020. Ukilinganisha na ahadi yake, jumla amepoteza 0.050.

Dereva wa gari jepesi amechelewa kwenye taa kwa 0.040. Lakini leo hewa ni ya baridi, injini inavuta vizuri, na gari lina uwezo wa kufika kwa sekunde 10.970. Akikanyaga mafuta mpaka mwisho, atafika mbele ya pikapu kwa 0.040. Watazamaji watashangilia. Lakini ameahidi 11.000! Amevunja ahadi, pikapu imeshinda.

Afanye nini basi? Aachie mafuta kidogo. Akitumia sekunde 11.005, atafika mbele kwa 0.005, na ahadi haikuvunjika. Huo ndio ushindi. Lakini akiachia mno na kutumia 11.020, pikapu itamtangulia kwa 0.010. Kwa hiyo nafasi yake yote haizidi sehemu moja ya mia ya sekunde. Gari linalokwenda kilometa 190 kwa saa, katika muda huo hutembea nusu mita tu.

Atajuaje? Kwa macho. Kama pikapu inakwenda kilometa 145 kwa saa, basi yeye anaikaribia kwa mita 12 hivi kila sekunde. Ikibaki sekunde moja kufika, anapaswa kuiona bado iko mbele yake karibu mita 12. Akiona ameshaifikia mapema, ajue kuna neno: ama mwenzake amezubaa, ama yeye mwenyewe anazidisha mwendo. Hapo anachukua ushindi mdogo tu. Kufika mbele kwa hatua kumi hakumwongezei kitu, bali humtia hatarini.

Dereva wa pikapu naye hakukaa bure. Yeye kazi yake ni ngumu zaidi, maana lazima ageuze shingo atazame nyuma. Akihisi kwamba wote wawili wanakwenda kupita ahadi, anaachia mafuta na kumpisha mwenzake. Mwenzake anavuka mbele na kuvunja ahadi. Yeye anavuka nyuma, ahadi yake ikiwa salama.

Lakini mchezo huu una hatari. Anayekanyaga breki kwa ghafla katika mwendo mkubwa anaweza kuyumba, akavuka mstari wa katikati au akagonga ukuta. Hapo hata mbio amepoteza, na huenda akapoteza maisha. Hodari huachia mapema na polepole, akiwa amefunga mkanda na kuvaa kofia ya chuma.

Daftari ndilo fundi

Mtu hawezi kutoa ahadi ya kweli kama halijui gari lake. Baada ya kila safari dereva hupewa karatasi yenye muda wake wote: wa kwenye taa, wa vituo vya njiani na wa mwisho. Wenye bidii huandika daftarini pia joto la siku ile, unyevu na upepo. Hewa ya joto ni nyepesi, injini hupata oksijeni kidogo, gari huenda polepole. Ahadi ya asubuhi huenda isifae mchana. Asiyeandika hukisia, na anayekisia hulipa kiingilio kila wiki bila kurudi na kitu.

Tumalizie na jambo kubwa. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha huko California chama cha NHRA, ili vijana waliokuwa wakishindana magari barabarani wapate viwanja na sheria. Barabara ya watu wote ina watoto, baiskeli na mifugo. Siyo mahali pa kupimana mbio, hapa wala kule.

Zoezi: Pikapu iliahidi 15.00 ikatumia 14.98. Gari jepesi liliahidi 11.00 likatumia 10.99. Hakuna aliyewasha taa nyekundu. Nani mshindi, na kwa nini?

Jibu: Gari jepesi. Wote wamevunja ahadi, lakini lenyewe limevunja kwa 0.01, na pikapu kwa 0.02.