Anayezuru Pwani ajifunze kuusoma mwezi

Kila shule zinapofungwa, mabasi ya wanafunzi humiminika Pwani. Watoto huonyeshwa magofu ya Gede, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, kisha hupelekwa katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, wakatazame samaki. Huogelea, hupigwa picha, wakarejea bara. Ni jambo jema. Hata hivyo, nahofia kwamba wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, hurudi tukiwa tumeiona bahari bila ya kuifahamu.

Nasema hivi kwa kuwa yamenifika mwenyewe. Wakati mmoja niliandamana na wanafunzi wangu wa isimu hadi hori la Mida, kusini mwa Watamu. Nia yetu ilikuwa kutembea juu ya tope na mchanga maji yakiwa yamekupwa, tutazame kaa na ndege wahamao. Safari hiyo niliipanga ofisini kwa kufuata kalenda ya chuo. Tulipowasili saa nne asubuhi, maji yalikuwa yameufunika uwanda wote.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alitutazama, akatabasamu. "Mwalimu," akaniuliza, "jana usiku hamkuuona mwezi?"

Nilikuwa nimeuona. Ulikuwa nusu. Nilichokosa ni elimu ya kuusoma. Mzee akatueleza kwamba mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huko kwao kupwa kwa mchana huangukia karibu na saa nne au saa tano. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na saa nazo huwa zimegeuka, maana kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Aibu yangu ni kwamba maneno hayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Bamvua na maji mafu niliyajua kama msamiati wa kamusi. Kwa mzee yule yalikuwa saa, kalenda na riziki.

Tulipokuwa tukingoja maji, alitupitisha kwenye mikoko. Wanafunzi waliuita kila mti mkoko. Yeye aliitenga: mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama kama miguu ya buibui; mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli; mlilana, ambao hutangulia upande wa bahari na ambao mbao zake huundiwa mataruma ya vyombo; na mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi ya kutilia ngozi.

Huenda msomaji akasema kwamba sayansi ina majina yake ya Kilatini, na kwamba mtihani hauulizi mchu ni mti gani. Sikatai. Lakini ajuaye jina moja tu huona msitu mmoja, na akitaka kuupanda upya atatia mche wowote mahali popote, kisha ashangae unapokufa. Jina likipotea, hupotea pamoja na ujuzi uliohifadhiwa ndani yake, na wenye ujuzi huo wanazeeka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu: kabla ya safari, wanafunzi wautazame mwezi kwa majuma mawili, wakiandika umbo lake kila usiku. Wafike Pwani na daftari. Mumlipe mwongozaji wa pale pale, mumwombe azungumze Kiswahili, na akiwa Mgiriama awape pia majina ya kwao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji haponi kwa kubebeshwa mizigo ya mgeni pekee. Hupona pia anapoulizwa alijualo, na mwanawe akasikia likiulizwa.

Muhula uliofuata tulirudi Mida, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa nne asubuhi tuliukuta uwanda mtupu, kaa wakikimbilia mashimo yao. Tarehe hiyo sikuichagua mimi. Aliichagua mwanafunzi mmoja aliyezaliwa mbali na bahari, kwa kutazama mbinguni akiwa kwao bara.