Unatafuta keja Isiolo? Uliza maji kwanza

Umepata kazi Isiolo. Begi limefungwa na unajiambia, mji ni mdogo, nyumba haiwezi kuwa shida. Hata mimi nilidhani hivyo.

Isiolo ya leo si ile ya hadithi za wazee, ambapo lami iliishia mjini na ukitaka Marsabit au Moyale unapanda lori. Lami sasa inafika Moyale. Tangu 2013 mji huu ni makao makuu ya kaunti, na wafanyakazi wa serikali, wa mashirika na wafanyabiashara wote wanataka pa kulala. Keja safi inachukuliwa kabla hujasikia iko wazi.

Haraka hiyo ndiyo ilinimaliza. Kijana mmoja alinionyesha bedsita Kiwanjani, vigae vinang'aa, funguo mkononi mwake. Akasema kuna wengine wawili wanaitaka, nitume dipoziti papo hapo. Nikatuma elfu nne mia tano. Kesho yake nikafika na godoro juu ya boda, mwenye nyumba akaniuliza mimi ni nani. Yule kijana alikuwa fundi wa rangi. Nikipiga simu, mteja hapatikani. Usiku huo nililala kwa rafiki, sebuleni.

Basi sikiza, yasikupate.

Kwanza, tembea kwa miguu. Pita Bulla Pesa, Kulamawe, Kambi Garba. Salimia mama mboga na mwenye duka la pembeni. Wao wanajua nani anahama mwisho wa mwezi, tena wanajua mwenye ploti halisi ni nani. Pesa isitoke kabla hujaonana naye na majirani wakamtambua.

Pili, maji. Usimuulize mwenye nyumba, atakuambia yapo. Muulize jirani anayefua: mfereji unatoka siku ngapi kwa wiki? Tangi lipo? Msipokuwa na tangi, utanunua mitungi ya mkokoteni wa punda, na hiyo ni kodi ya pili. Keja ya bei rahisi isiyo na maji si rahisi.

Tatu, nenda kuiona saa nane mchana. Asubuhi kila chumba ni kizuri. Mabati bila dari kwenye jua la Isiolo, utaoka kama mkate.

Nne, mita ya stima. Ni yako peke yako, au mnachangia tokeni na jirani mwenye friji?

Tano, karatasi. Dai risiti ya dipoziti, iandikwe itarudishwa lini, na piga picha za kuta siku ya kuingia. Na kama kodi yako haizidi Sh2,500 kwa mwezi, jua kuna Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Huwezi kutupiwa vyombo nje kwa sababu tu mtu ameamka vibaya. Lazima kuwe na amri ya mahakama ya wapangaji.

Mimi nilipata keja wiki mbili baadaye, kupitia mama anayeniuzia chai. Haina vigae. Lakini ina tangi, na mwenyewe namjua kwa sura. Ukija, anza na chai.