Maradhi ya Kisukari: Sukari Inapokataa Kushuka (Sehemu ya Tatu)

Baada ya kueleza katika sehemu iliyotangulia namna insulini ifanyavyo kazi mwilini, leo yafaa tulielekee jambo linalowatia wagonjwa wengi katika huzuni na, aghlabu, katika lawama wasizostahili: mtu hujidunga sindano yake kwa dozi ile ile aliyoandikiwa, hujizuia na alivyokatazwa, na hata hivyo kila apimapo asubuhi huikuta sukari imefika milimoli 15 au 18 kwa lita, ilhali aliambiwa kabla ya kula isipindukie 7. Jamaa humtuhumu kuwa anakula kwa siri. Naye, kwa hofu, huongeza dozi pasipo kumwuliza tabibu. Nionavyo mimi, kabla ya kumshutumu mtu na kabla ya kuongeza hata uniti moja, ni wajibu kuifuata dawa tangu ilikohifadhiwa mpaka inapoingia mwilini.

Kipimo chenyewe kwanza. Aliyemenya embe kisha akatoboa kidole pasi na kunawa, damu yake huchanganyika na sukari ya tunda, na mashine humwonyesha tarakimu isiyo yake. Na anawe kwa maji na sabuni, ajifute, apime tena.

Tarakimu ikibaki juu, itazamwe chupa. Insulini ni protini, na joto huiharibu kimya kimya bila kuibadili rangi. Ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye jokofu, baina ya nyuzi 2 na 8. Iliyoganda barafu hutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Na iliyokwisha kufunguliwa hutumika kwa muda wa wiki nne hivi, maadamu haikuachwa juani. Wakati wa kaskazi, joto la adhuhuri pwani kwetu hupita nyuzi 30, na asiye na jokofu hufaidika na vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, vikitiwa baina yao mchanga uliolowa na kuwekwa kivulini penye upepo, ingawa unyevu wa hewa ya pwani hupunguza ubaridi wake. Insulini iliyo nyeupe kama maziwa nayo ibingirishwe viganjani taratibu mpaka ilingane. Ikibaki na mabonge, haifai tena.

Sindano nayo ina hesabu yake. Zipo za insulini yenye uniti 100 kwa mililita, na zipo za uniti 40. Mwenye dawa ya 40 akitumia sindano ya 100 na kuvuta mpaka alama ya 20, amepata uniti 8 tu. Kinyume chake ni hatari kubwa zaidi, kwani hupata 50.

Lakini mahali ninapotaka msomaji akae kitako ni penye ngozi. Mgonjwa huzoea kudunga pale pale pa jana kwa kuwa hapaumi, na baada ya miezi hutokea uvimbe laini wa mafuta, ambao mara nyingi hauonekani kwa macho bali huhisiwa kwa vidole. Dawa iliyodungwa humo hunyonywa kwa kusitasita, leo kidogo, kesho nyingi. Hapo ndipo dozi huongezwa mara kwa mara bure. Basi na ahame, apishe upana wa kidole baina ya sindano na sindano, wala asihame kabla ya kumwarifu tabibu, maana dozi kubwa aliyoizoea, ikiingia penye nyama nzima, huweza kuiporomosha sukari ghafla.

Kama hayo yote ni salama, huenda mwili umeshikwa na malaria, jipu au maradhi ya mkojo, au mtu anatumia prednisoloni. Katika homa insulini ya msingi, ile ifanyayo kazi polepole kwa muda mrefu, haiachwi, hata kama chakula hakipiti. Wala asidunge insulini ya haraka juu ya haraka: ile iitwayo insulini ya kawaida huwa na nguvu zaidi baada ya saa 2 hadi 4, na hudumu mpaka saa 6 au 8, kwa hiyo dozi mbili zikikutana humwangusha.

Akianza kutapika, tumbo likimuuma, pumzi zikawa ndefu za haraka na kinywa kikanuka kama matunda yaliyoiva mno, asingoje kupima mara ya pili. Apelekwe hospitali saa ile ile, pamoja na chupa yake.

(Itaendelea)