Nani Humuuliza Nani: Utangulizi

Uwanja wa utafiti kuhusu jinsi maarifa mapya yanavyoenea huanza na swali ambalo kila aliyekulia kijijini anaweza kulijibu: mkulima akitaka kubadili mbegu, humsikiliza nani? Bwana shamba hupita kwa nadra. Redio hutangaza kwa wote. Lakini uamuzi wa kuiacha mbegu iliyolisha nyumba kwa miaka mingi hukomaa baada ya kuzungumza na shemeji, jirani wa mpakani, au mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao kuhusu mahindi chotara katika jimbo la Iowa, Marekani. Mbegu hizo ziliwafikia wakulima kuanzia 1928. Kufikia 1941, kati ya wakulima 259 waliochunguzwa, ni wawili tu waliokuwa hawajazikubali. Wengi walisikia habari kwanza kutoka kwa wauza mbegu, ila waliowashawishi hasa ni majirani. Tena hawakukurupuka: baada ya kusikia ilipita miaka, kisha wakajaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa Iowa hiyohiyo, aliujenga uwanja huu kwa kitabu chake cha 1962, akiwapanga watu tangu wabunifu hadi wanaochelewa kupita wote.

Mpangilio huo wa Rogers umetusaidia, lakini naamini umewaonea wa mwisho. Mwenye ekari moja anayesubiri kuona mavuno ya jirani si mzito wa kuelewa. Akikosea msimu mmoja, nyumba yake inalala njaa; kusubiri kwake ni hesabu, na msomi anayetaka kumwelewa aanze kwa kuiheshimu hesabu hiyo.

Malawi imetufundisha kuhusu kusubiri huku kwa undani zaidi. Huko Lori Beaman na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 200 kuhusu kupanda mahindi kwenye mashimo yanayohifadhi maji ya mvua. Kwanza waliuliza wanakijiji nani huzungumza na nani, wakachora mahusiano hayo, kisha katika kila kijiji wakulima wawili wakafundishwa. Mahali pengine wawili hao walichaguliwa kwa kufuata mchoro, kwingine walichaguliwa na afisa ugani kama alivyozoea. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba wakulima wengi hawabadiliki kwa kumjua mjuzi mmoja. Wanahitaji kusikia kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja. Mahali ambapo wajuzi wawili walikuwa na marafiki walewale, mashimo yalienea zaidi. Ndiyo maana shamba moja la mfano, hata likistawi kando ya barabara kuu, huweza kubaki peke yake.

Hata hivyo, njia za maarifa hubeba pia upendeleo wa wanaozipita. Jaribio lingine la Malawi, katika vijiji 142, liliwapa wanawake kazi ya kujifunza na kuwafundisha wenzao. Walilishika somo sawa na wanaume, na waliofundishwa nao walivuna zaidi, lakini wakulima wengine waliwadhania kuwa na uwezo mdogo na hawakuwasikiliza vya kutosha. Watafiti wanaojiunga nasi sasa wanalikuta swali hili mezani: je, mafunzo yafuate mahusiano yaliyopo pamoja na dhuluma yake, au yawatafutie nafasi wajuzi ambao hakuna anayewauliza?