Troponini Ilivyowashtua Madaktari wa Wuhan

Mapema mwaka 2020, wodi za Wuhan zilipofurika wagonjwa wa korona, kila mtu alitazama mapafu. Majibu ya maabara, hata hivyo, yalionyesha kuwa kuna kiungo kingine kinachoumia: moyo.

Kipimo chenyewe hakikuwa kigeni. Misuli ya moyo ina protini iitwayo troponini, inayosaidia moyo kusukuma damu. Moyo ukiwa mzima, troponini hubaki ndani ya seli, na katika damu hupatikana kidogo mno. Seli zikijeruhiwa, huvuja. Ndiyo maana anayefika hospitali akilalamika kifua kinambana hutolewa damu, kisha baada ya saa chache hutolewa tena, ili ijulikane kama kiwango kinapanda.

Katika Hospitali ya Renmin, madaktari walichambua taarifa za wagonjwa 416. Waliokutwa na dalili za jeraha la moyo walikuwa 82, na kati yao walifariki 42. Kwa wale 334 waliobaki, vifo vilikuwa 15.

Hospitali nyingine ya mji huohuo ilitoa matokeo ya kushangaza zaidi. Wagonjwa 30 walikuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa tangu zamani, lakini troponini yao ilikuwa ya kawaida, wanne walifariki. Wengine 16 hawakuwa na historia hiyo kabisa, ila troponini ilikuwa juu, wakafariki sita. Ni makundi madogo, kwa hiyo asilimia zake zisishikwe kama msahafu. Hata hivyo, wagonjwa waliokuwa na mambo yote mawili walikuwa 36, na walifariki 25.

Baadaye New York, katika hospitali za Mount Sinai, ilionekana kwamba hata ongezeko dogo la troponini liliambatana na hatari kubwa zaidi ya kifo.

Lakini troponini haisemi kilichoujeruhi moyo. Huenda ni uhaba wa oksijeni, uvimbe unaotokana na kinga ya mwili kuvuka mpaka, au damu iliyoganda ikaziba mshipa wa mapafu. Figo mbovu nazo huipandisha, hata pasipo korona. Kwa hiyo daktari akiona imepanda, hupima umeme wa moyo, huutazama moyo kwa ultrasaundi, na huchunguza figo kabla ya kuamua dawa.